Neno Ngiri

Ukimwuliza mtoto wa Kaptembwo ngiri ni nini, atakujibu upesi kuwa ni yule mnyama wa meno yaliyopinda, akimbiaye mkia wima katika Mbuga ya Ziwa Nakuru. Mwulize babu yake, naye huenda akashika kinena. Maana ngiri pia ni ule ugonjwa ambao utumbo hupenya mahali palipo dhaifu katika ukuta wa tumbo, ukafanya uvimbe chini ya ngozi. Usidhani, msomaji, kwamba kufanana kwa majina ni ushahidi wa undugu. Paa wa nyikani na paa la nyumba si jamaa.

Jina hili lilipanda bara pamoja na Kiswahili chenyewe, kwa misafara, kisha kwa reli iliyofika Nakuru mwaka 1900. Huko pwani halikuwa na maana moja. Uvimbe wa kinena na uvimbe wa korodani uliweza kuitwa ngiri. Wengine walisema tu kwamba fulani ana mshipa, wakaona haya kuendelea. Tena pwani yako maradhi mengine, busha, ambayo watu huyaita ngiri maji, kwa kuwa maji hujaa katika mfuko wa korodani. Mara nyingi asili yake ni minyoo midogo ienezwayo na mbu. Patrick Manson, daktari Mskoti aliyekuwa China, ndiye aliyegundua mwaka 1877 ya kuwa mbu huipokea minyoo hiyo katika damu ya mtu.

Wayunani wa kale nao walikuwa na neno moja, kele, yaani uvimbe, lakini waliliongezea: uvimbe wa maji, uvimbe wa utumbo. Celsus, Mrumi wa karne ya kwanza, aliyafuata majina hayo. Neno la Warumi wenyewe, hernia, ndilo tulisikialo leo hospitalini kama henia.

Kutenganisha huko si ubishi wa wasomi. Maji ya busha yaweza kutolewa kwa sindano. Sindano hiyohiyo ikichomwa katika ngiri yaweza kutoboa utumbo. Tena utumbo ukibanwa katika tundu lake, damu haiufikii, nao huanza kufa kwa muda wa saa chache. Uvimbe huwa mgumu, mgonjwa hutapika, na asipopasuliwa upesi hufa, hali jamaa zake wangali wakichemsha mizizi ya mshipa. Ndiyo sababu daktari, asikiapo neno ngiri, huuliza kwanza: ukilala chali, uvimbe hurudi ndani?