Songea: Kutoka Mwisho wa Njia hadi Ripita ya Nyumbani

Ripita ya Wi-Fi ni kifaa kidogo kinachopokea mtandao usiotumia waya kutoka kwenye ruta na kuurusha tena, ili ufike vyumba ambavyo ruta haivifikii. Katika Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, kifaa hiki ni cha juzijuzi, lakini kazi inayofanya ina historia ndefu mjini humo. Kwa zaidi ya karne moja Songea ilikuwa mwisho wa njia: lami, umeme wa gridi na intaneti ya kasi vilifika huko baada ya kufika miji mingi mingine, na ujumbe ulipaswa kupokewa na kupitishwa mara kadhaa kabla ya kumfikia mlengwa. Njia kuu zilipotengenezwa, ugumu wa mawasiliano haukuisha bali ulihama. Sasa uko kati ya sebule na chumba cha uani.

Miguu, waya na posta

Wajerumani walijenga boma lao katika nchi ya Wangoni mwaka 1897. Mji uliokua kando ya boma hilo ulichukua jina la Nduna Songea Mbano, ambaye walimnyonga mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji. Vita hivyo vyenyewe vinaonyesha jinsi habari zilivyosafiri kusini mwa nchi wakati huo. Vilianza Umatumbi, karibu na pwani, mwezi Julai 1905, na wito wake ulifika Ungoni kwa miguu. Wajumbe walioitwa mahongo ndio waliopeleka maji ya dawa kutoka jamii moja hadi nyingine. Anayekumbukwa zaidi Ungoni ni Omari Kinjala, aliyeyafikisha kwa Nkosi Chabruma, mmoja wa watawala wa Wangoni. Kila aliyepokea ujumbe aliupitisha mbele, na kasi yake ilikuwa mwendo wa mtu.

Chini ya Waingereza, huduma za posta na simu za Tanganyika ziliunganishwa na zile za Kenya na Uganda mwaka 1933. Muungano huo uliendelea kwa sura mbalimbali hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na Tanzania ikaunda shirika lake la posta na simu. Kwa miongo mingi simu ilikuwa kitu cha ofisi, misheni na maduka machache makubwa. Mwananchi wa kawaida aliyetaka kuzungumza na mtu wa mbali alikwenda posta, akaagiza simu, akasubiri aunganishwe.

Waya ulikuwa na kikwazo cha kimaumbile. Umeme unaobeba sauti hufifia kadiri waya unavyorefuka. Telegrafu ya karne ya 19 ilikabili tatizo hilo kwa rilei, yaani swichi iliyoendeshwa na mkondo dhaifu uliofika ili kuwasha mkondo mpya wenye nguvu kwa safari iliyobaki. Simu zilisubiri zaidi: laini ya kwanza ya kuvuka bara la Marekani, kutoka New York hadi San Francisco, ilifunguliwa mwaka 1915 kwa msaada wa vikuza sauti vya vali za vakumu. Kutokana na kazi hizo kanuni mbili zilijulikana mapema. Kwanza, kituo cha kati kinapaswa kuwekwa mahali ambapo mawimbi bado yana nguvu, si pale yalipokwisha kufa. Pili, kituo hicho hakiwezi kupitisha zaidi ya kile kilichokifikia. Ripita ya nyumbani haijaepuka hata moja kati ya hizo.

Redio iliyoanzia Songea

Katika utangazaji, Songea ilikuwa chanzo badala ya mwisho. Redio Maria Tanzania, redio ya Kikatoliki ambayo baadaye ilikuwa na makao yake makuu Dar es Salaam, ilianza kurusha matangazo mjini Songea mwaka 1996. Kutoka hapo ilienea mikoani, mtambo mmoja baada ya mwingine.

Kuenea huko kulitegemea tabia ya mawimbi ya FM. Husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na kilima huyazuia. Ruvuma ni mkoa wa vilima: Milima ya Matogoro, inakoanzia Mto Ruvuma, iko kando tu ya mji, na upande wa Mbinga nchi hupanda hadi milima ya Umatengo. Redio inayotaka kusikika nyuma ya kilima huweka mtambo mwingine juu yake. Mtambo huo hupokea matangazo kwa njia moja na kuyarusha kwa masafa tofauti, kwa sababu ukirusha kwa masafa yaleyale unayopokelea, sauti yako mwenyewe huzima ile unayoisikiliza. Ndiyo maana redio moja husikika kwa namba tofauti kila mji. Watengenezaji wa ripita za bei nafuu walikutana na tatizo hilohilo, na dawa yao, kama itakavyoonekana, ilikuwa na gharama.

Intaneti inafika

Intaneti ilianza kuuzwa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990, wakati huduma za posta na simu zilipokuwa zikitenganishwa. Kampuni ya simu, TTCL, ilianza kusimama peke yake mwaka 1994. Mikoani, intaneti ya mwanzo ilikuwa ya vibanda vya kulipia kwa dakika, vilivyotegemea laini za simu au dishi la setilaiti. Setilaiti za aina hiyo huzunguka umbali wa takriban kilomita 36,000 kutoka ikweta. Kwa hiyo ombi la ukurasa mmoja na jibu lake vilichukua zaidi ya nusu sekunde njiani hata pale laini ilipokuwa nzuri. Kasi ilikuwa ndogo na gharama kubwa, na hakuna aliyehangaika na upana wa mtandao ndani ya nyumba, kwa sababu mtandao haukuwa nyumbani.

Mabadiliko yalikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni simu za mkononi. Vodacom ilianza huduma Tanzania mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001, na kufikia mwishoni mwa muongo huo modemu za USB zilikuwa zikiuzwa madukani. Mtu aliweka laini, akanunua bando, akapata intaneti popote palipo na mnara. Ya pili ni nyaya za kioo. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Hadi hapo karibu mawasiliano yote ya intaneti ya nchi na dunia yalipita angani. Mwaka huohuo wa 2009 serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, ili kuunganisha miji ya mikoa. Halotel, iliyozindua huduma Oktoba 2015, nayo ilikuja na mtandao wake mkubwa wa nyaya za kioo uliofika hadi wilayani.

Kwa Songea miundombinu hiyo ilifuata njia ya kawaida ya kusini. Reli haijawahi kufika mjini humo. Kituo cha TAZARA kinachotumika kama mlango wa kuingilia ni Makambako. Barabara ya lami kutoka Makambako ilikamilishwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza. Umeme ulichelewa zaidi. Songea iliendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa jenereta za dizeli hadi mwaka 2018, ulipowashwa mradi wa msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako, wenye urefu wa takriban kilomita 250, uliojengwa kwa msaada wa Sweden. Umeme wa dizeli wenye mgawo ulizipa nafasi ruta ndogo za mkononi zenye betri. Umeme wa gridi ukafanya iwezekane kuacha ruta ya ukutani ikiwaka mchana na usiku, na ruta isiyozimwa ndiyo inayofanya ripita iwe na maana.

Ripita ilivyozaliwa

Wi-Fi yenyewe ilitokana na uamuzi wa kisheria kabla ya uvumbuzi. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu vifaa vya mawasiliano vya nguvu ndogo kutumia, bila leseni, masafa yaliyokuwa ya viwandani na ya hospitali, yakiwemo ya gigahezi 2.4. Kiwango cha kwanza, 802.11, kilitoka mwaka 1997. Mwaka 1999 kilifuatiwa na vingine viwili vyenye kasi zaidi, na mwaka huo kampuni ziliunda umoja wa kuhakikisha kuwa vifaa vyao vinaelewana. Kwa kuwa nguvu ya kurusha iliwekewa kikomo, umbali ulikuwa tatizo tangu siku ya kwanza. Mawimbi yakisafiri umbali mara mbili katika uwazi, nguvu yake hushuka hadi robo, na kila ukuta hupunguza tena.

Ripita za mwanzo zilitegemea utaratibu uliowezesha ruta mbili kuunganishwa kwa mawimbi. Kiwango kiliacha mambo mengi bila kufafanuliwa, hivyo vifaa vya kampuni tofauti mara nyingi havikuelewana. Suluhisho lililoenea baadaye lilikuwa rahisi: ripita hujiunga na ruta kama simu yoyote ile kwa nywila, kisha hutangaza mtandao wake kwa vifaa vilivyo karibu nayo. Hapo ndipo ripita yoyote ilipoweza kufanya kazi na ruta yoyote, na kifaa cha kuchomeka kwenye soketi kikawa bidhaa ya dukani.

Wengi huielezea ripita kama kifaa cha kukuza mawimbi, lakini haifanyi hivyo. Kikuza sauti cha simu ya zamani kilikuza sauti pamoja na makelele yake. Ripita ya Wi-Fi hupokea pakiti nzima ya data, huisoma, kisha huirusha upya ikiwa safi. Faida yake ni kuwa makelele hayarithiwi. Gharama yake ni muda. Ripita yenye redio moja haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja kwenye chaneli moja, kwa hiyo kila pakiti hutumia hewa mara mbili na kasi hushuka hadi karibu nusu. Ripita za bendi mbili hupunguza hasara hiyo kwa njia ya mitambo ya FM: hupokea kwa gigahezi 5 na kurusha kwa 2.4, au kinyume chake.

Ruta sebuleni, watu uani

Nyumba nyingi za Songea ni za tofali za kuchoma zilizoezekwa bati, na nyingi zina vyumba vya uani, aghalabu vya kupangisha. Ukuta mmoja wa tofali kavu hauzuii sana mawimbi ya gigahezi 2.4. Kuta mbili tatu kwa mfuatano, zege, maji ya tangi na hasa bati huyadhoofisha au kuyazuia kabisa. Mawimbi ya gigahezi 5 hubeba data nyingi zaidi lakini huchoka mapema yanapokutana na ukuta.

Kuna sababu nyingine ya kienyeji. Ruta inayotumia laini ya simu huwekwa pale inapousikia mnara vizuri, mara nyingi dirishani, upande mmoja wa nyumba. Ruta ya waya wa kioo hukaa pale fundi alipoingizia waya, na kwa kawaida hapo ni sebuleni. Kwa njia zote mbili, mahali pa ruta huamuliwa na kinachotoka nje, si na watu wanaolala ndani. Ripita hurekebisha tofauti hiyo.

Mahali pake ni katikati ya ruta na chumba kinachokosa mtandao, au karibu kidogo na ruta. Nguvu ya mawimbi husomwa kwa programu za simu kwa namba hasi: -50 ni nguvu kubwa, -67 inatosha kwa mazungumzo ya video, na chini ya -80 mtandao hukatikakatika. Ripita iliyowekwa palipo na -80 itaonyesha mistari yote kwenye simu ya mtumiaji aliye karibu nayo, lakini haitakuwa na cha kumpa. Kosa hili ndilo linalotokea mara nyingi zaidi, na hukiuka kanuni ya rilei ya telegrafu. Kwenye gigahezi 2.4, kuchagua chaneli 1, 6 au 11, zisizoingiliana, husaidia pale majirani wanapokuwa wengi.

Kadiri njia kuu ilivyoboreka, ndivyo udhaifu wa ripita ulivyoonekana. Nyumba iliyopata megabiti 5 kwa sekunde kutoka mnarani haikupoteza kitu kwa ripita ya redio moja. Hata nusu ya uwezo wa Wi-Fi ilizidi kilichoingia. Waya wa kioo ukileta megabiti 50, ripita hiyohiyo huweza kugeuka kuwa kizuizi. Ndiyo sababu tangu mwaka 2016 zimeenea seti za mesh, ambazo vituo vyake hushirikiana kama mtandao mmoja na humhamisha mtumiaji kutoka kituo hadi kituo bila kubadili jina wala nywila. Kiwango cha pamoja cha kuzielewanisha seti za kampuni tofauti kilitangazwa mwaka 2018.

Njia iliyo imara kuliko zote bado ni waya. Kebo ya mtandao iliyopitishwa darini au chini ya ardhi hadi uani, ikiishia kwenye kifaa cha pili cha kurushia Wi-Fi, haigawani hewa na mtu na hufika hadi mita 100 bila kituo cha kati. Kwa nyumba inayotegemea bando la simu, ripita ya kawaida inatosha. Yenye waya wa kioo inahitaji walau ripita ya bendi mbili au mesh, na yenye wapangaji uani, waliotenganishwa na nyumba kubwa kwa kuta nene na bati, ni heri ivute kebo. Kwa vyovyote kifaa kinapaswa kuwa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2003, ambayo hukagua vifaa vya mawasiliano kabla ya kuuzwa nchini.