Mgongo wa Fedha: Rangi, Umri na Nasaba ya Gorila wa Kahuzi

Gorila wa misitu ya Kahuzi, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huzaliwa na ngozi ya waridi iliyofifia ambayo hugeuka nyeusi upesi. Matakoni hubaki kishungi cha manyoya meupe, nacho hupotea mtoto akifikisha miaka mitatu au minne. Dume anapokaribia miaka 12 au 13, mvi humwota mgongoni mpaka zikafanya tandiko la rangi ya fedha, na uzeeni weupe huo huteremka hadi nyongani na mapajani. Jike hapati tandiko hilo.

Mwaka 1914 Paul Matschie aliwapa gorila hawa jina la Rudolf Grauer, Mwaustria aliyewakusanya. Waliojua kuwafuata, hata hivyo, walikuwa Watwa wa msitu huo. Ndio waliomwongoza Mbelgiji Adrien Deschryver alipowazoesha gorila kuonana na watu, na hifadhi ikaanzishwa mwaka 1970. Watwa wakafukuzwa katika ardhi yao bila fidia, dhuluma ambayo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliitolea uamuzi wa kuwatetea, uliotangazwa mwaka 2024.

Kila familia ilijulikana kwa dume wake mwenye mgongo wa fedha: Casimir, Mushamuka, Maheshe. Mistari ya pua ilimtofautisha gorila na mwenzake, mgongo ukaeleza umri wake. Maheshe aliuawa na majangili mwaka 1993. Vita vya Kongo vilipofuata, gorila wa nyanda za juu walipungua kwa karibu nusu kati ya 1996 na 2000. Dume mkubwa husimama mbele kuilinda familia, kwa hiyo ndiye hupigwa kwanza. Akifa, majike wanaweza kutawanyika. Pengo lake halizibwi haraka: Bonane, mwana wa dume aitwaye Chimanuka, alizaliwa mwaka 2003, akapata familia yake mwaka 2016.

Rangi hutegemea nasaba pia. Gorila wa magharibi wana manyoya ya hudhurungi na utosi mwekundu. Wa Kahuzi ni weusi tititi. Copito de Nieve, gorila zeruzeru aliyekamatwa Guinea ya Ikweta mwaka 1966 na kuishi Barcelona hadi 2003, aliurithi weupe wake kwa baba na mama. Uchunguzi wa vinasaba vyake, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba wazazi hao walikuwa ndugu wa karibu.

Hatari ya ndugu kuzaana inawahusu hata gorila wa Grauer. Mwaka 2019 watafiti walilinganisha vinasaba vya mifupa na ngozi zilizohifadhiwa makumbusho kwa miongo mingi na vya gorila walio hai. Waligundua kwamba katika vizazi vichache tu gorila wa Grauer wamepoteza sehemu ya utofauti wao wa kurithi, na kasoro zenye madhara zimeongezeka. Upungufu huo hauonekani katika manyoya. Siku hizi vinasaba husomwa pia kutoka kwenye kinyesi kinachookotwa karibu na matandiko wanayolalia, pasipo kumgusa mnyama.