Hela Inavyovuka Ruvuma

Ujumbe ule karibu kila Mtanzania mwenye simu ameshaupata: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Aliyeuandika hakujui. Ametupa ndoano kwa namba mia au elfu, anamsubiri samaki mmoja ambaye kweli siku hiyo alikuwa njiani kwenda kwa wakala kumtumia mtu kodi ya nyumba au ada ya mtoto. Nimezoea kuufuta bila hata kuumaliza. Ila siku moja, nikiwa Mtwara mjini kwenye kibanda cha wakala, neno moja katika ujumbe huo lilinikaa kichwani: hela.

Hela ni heller. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilianza kutoa sarafu ya jina hilo, 100 kwa rupia moja. Kabla yake kulikuwa na pesa, sarafu ya shaba iliyotolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kuanzia 1890, 64 kwa rupia moja, yenye tai wa Kijerumani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Jina lenyewe la pesa lilikuja na Wahindi, Mjerumani alilikuta hapa akaligonga kwenye shaba. Kwa hiyo tapeli anayekuandikia leo anatumia neno la dola iliyokwisha zaidi ya miaka 100 iliyopita. Dola imekufa, sarafu yake imekufa, neno linadunda.

Nasema haya kwa sababu tunapozungumzia usalama wa kutuma pesa kwa simu nje ya mipaka, tunazungumza kana kwamba tatizo lilizaliwa na simu. Ukikaa kusini kabisa, kule Ruvuma inakoingia baharini, unaona jambo jingine. Kila fedha iliyowahi kuletwa pwani hii iliishia katikati ya mto, na kila mara alikuwepo mtu wa kuziba pengo hilo kwa jina lake na daftari lake. Simu imeleta kasi. Pengo liko palepale.

Tuanzie Mikindani. Kabla ya bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufa haraka, Mikindani ndiyo ilikuwa mji. Livingstone alishukia hapo mwaka 1866 akielekea bara. Pembe, sandarusi, mpira na watumwa vilipita hapo, na wafanyabiashara wa Kihindi waliishi hapo wakiwa na hesabu zao Unguja na kwao Kachi. Hawa hawakusafirisha magunia ya rupia kwa jahazi kila walipotaka kulipana. Waliandika hundi: kikaratasi kinachomwagiza mwenzako wa mji mwingine amlipe mwenye kikaratasi hiki kiasi fulani, nami tutamalizana. Fedha haisafiri, neno ndilo linalosafiri. Jahazi likizama, hundi nyingine inaandikwa.

Usalama wake ulikuwa nini? Haukuwa kufuli wala askari. Ulikuwa sifa ya mtu. Mfanyabiashara aliyekataa kulipa hundi ya mwenzake alikuwa amejimaliza, kwani habari ingefika Unguja kabla yake. Mfumo huo ulimlinda tajiri aliyekuwa na jina la kupoteza. Mkulima wa Kimakonde aliyeshuka na mpira wake akalipwa kwa nguo hakuwa na jina katika daftari la mtu yeyote, isipokuwa kwenye ukurasa wa madeni.

Mpaka ulikuja 1886, Wajerumani na Wareno walipokubaliana kwamba Ruvuma ndiyo itakayowatenga. Hata wao hawakuuheshimu: mwaka 1894 Wajerumani walivuka wakachukua Kionga, kusini mwa mlango wa mto, na Wareno wakairudisha kwa silaha Aprili 1916. Fikiria mtu wa Kionga ambaye hakuhama hata hatua moja. Ameamka na rupia, amelala na fedha za Mreno.

Vita ile ya kwanza iliwafundisha watu wa huku somo la karatasi. Wajerumani walipozingirwa baharini na sarafu kuwaishia, walichapa noti za muda, na mwaka 1916 Tabora waligonga hela za shaba na hata vipande vya dhahabu ya Sekenke vyenye picha ya tembo. Walipofukuzwa hadi porini kusini wakachapa noti nyingine, hovyo hovyo, kwa vyombo walivyokuwa navyo mkononi. Novemba 25, 1917 von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma pale Ngomano akaingia upande wa Mreno. Nyuma yake aliacha wapagazi waliolipwa, na wanakijiji waliouza nafaka, kwa karatasi ambazo mtawala mpya hakuwa na sababu ya kuzijali. Mwingereza akaja na florini mwaka 1920, na muda si mrefu shilingi. Aliyekuwa na dhahabu ya tembo alicheka. Mwenye karatasi alibaki na karatasi.

Wakati huohuo ng'ambo ya pili watu walikuwa wanakimbia. Kaskazini ya Msumbiji ilikodishwa kwa Companhia do Niassa tangu 1891, kampuni iliyotawala mpaka 1929 kwa kodi ya kibanda na kazi ya lazima. Wamakonde walivuka kwa maelfu kuja kukata mkonge Tanganyika. Hawa ndio waanzilishi wa kutuma hela nyumbani kwa njia tunayoijua sisi: unamngoja mtu wa kwenu anayerudi, unafunga shilingi kwenye kitambaa, unamkabidhi na maneno ya salamu. Akifika, amefika. Akila, utamfanya nini? Huwezi kumshtaki Tanganyika kwa kosa la Msumbiji, na Mreno hutamwendea, kwani ulimkimbia. Hakimu pekee aliyekuwa tayari kusikiliza kesi hiyo alikuwa ukoo.

Fedha ya Msumbiji huru yenyewe imebeba historia ya wahamaji hao. Metikali ilizinduliwa Juni 16, 1980, miaka 20 kamili baada ya mauaji ya Mueda, ambako miongoni mwa walioongoza madai mbele ya gavana wa Kireno walikuwamo Wamakonde waliokuwa wakiishi Tanganyika. Lakini fedha ya ukombozi nayo iliishia mtoni. Upande wetu kulikuwa na udhibiti wa fedha za kigeni, na mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi, kukutwa na noti zisizo na maelezo kulitosha kukupeleka ndani. Upande wao kulikuwa na vita vya RENAMO. Biashara ya mto haikusimama. Ilihamia usiku.

Sasa simu. M-Pesa ilifika Tanzania Aprili 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na Msumbiji ikafika 2013. Jina moja, rangi moja nyekundu, mabango ya aina moja. Mtu wa Msimbati aliyefika Palma angeweza kudhani yuko kwao. Lakini pochi ya shilingi na pochi ya metikali hazikuwa zinasalimiana. Njia za kwanza za kuvuka mpaka moja kwa moja kutoka Tanzania zilielekea kwingine: Tigo ilifungua ya Rwanda mwaka 2014, Vodacom ikaungana na Safaricom ya Kenya mwaka 2015. Kusini tulijitengenezea wenyewe, na tulichotengeneza ni mtu mwenye simu mbili.

Ngoja nieleze anavyofanya kazi, maana hapa ndipo penye utamu na sumu. Shangazi yuko Palma, ameuza samaki, anataka kumtumia mpwa wake Mtwara. Anampa mtu huyu metikali, taslimu au kwa pochi ya huko. Mtu huyu ana laini ya Tanzania, na karibu na mto mnara wa upande wa pili hushika, kwa hiyo hata kuvuka havuki. Anapiga hesabu kwa kiwango cha siku hiyo, anakata chake, anarusha shilingi kutoka kwenye salio lake hadi kwa mpwa. Dakika mbili. Kesho akija mtu wa Mtwara anayetaka kununua bidhaa ng'ambo, mchezo unageuka na vitabu vinalingana. Mhindi wa Mikindani angeutambua mara moja. Ni hundi, imevaa laini.

Sasa hesabu mahali pa kupigwa. Ujumbe wa kuthibitisha unaweza kuwa wa kuandikwa kwa mkono. Jina la mtandao juu, namba ya muamala, salio jipya, vyote vya uongo, na mpwa mwenye kitochi hatazami salio, anasoma ujumbe tu. Au hela inaingia kweli, halafu mrushaji anapiga simu huduma kwa wateja kudai amekosea namba, na kama haijatolewa inaweza kuzuiwa huku shangazi ameshatoa metikali zake. Au laini ya mtu wa kati inahamishiwa kadi nyingine na mjanja aliyepata taarifa zake, na salio lote, ambalo ndani yake mna hela za watu saba, linaondoka usiku mmoja. Na hilo linaweza kutokea bila mtu wa kati kuwa mwizi. Akiibiwa yeye, mmeibiwa nyote.

Kuna hatari nyingine iliyoletwa na dawa yenyewe. Tangu Mei 2019 laini zilisajiliwa upya kwa alama za vidole, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Sina ugomvi na nia yake. Leo unapiga *106# unaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ujumbe wa kitapeli unaupeleka 15040. Lakini mvuvi aliyezaliwa ng'ambo, bibi yake ni wa Msimbati, pasi hana na kitambulisho cha NIDA hana, alifanyaje? Aliomba laini ya shemeji. Kuanzia siku hiyo hela yake kisheria ni ya shemeji. Wakigombana, shemeji anakwenda dukani na kidole chake, anachukua laini upya, kila kitu kinahama kwa utaratibu na mhuri. Mvuvi hawezi hata kulalamika, kwa kuwa malalamiko yake yanaanza na kukiri kosa.

Binafsi niliwahi kupotezewa 150,000 kwa njia hii, nikimtumia jamaa aliyekuwa amelazwa Mocímboa da Praia. Mtu wa kati alipokea, kisha simu zake zote mbili zikazimwa. Nilifika mpaka mlango wa kituo cha polisi, nikasimama. Ningesema nini? Kwamba nimebadili fedha za kigeni kwa mtu asiye na leseni? Nikageuza boda boda. Namna hiyo sheria inayokataza njia ya panya humlinda panya.

Kisha damu ikaingia. Oktoba 5, 2017 wapiganaji walivamia Mocímboa da Praia, na Oktoba 2020 wakavuka mto wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Machi 24, 2021 ikawa zamu ya Palma. Benki zilivunjwa, mawasiliano ya simu yakakatika. Tafakari kidogo: hela ya mtu ilikuwamo, salama salimini, kwenye mashine za kampuni mbali kabisa, na yeye yuko kichakani bila mtandao, hawezi kumlipa mwenye mtumbwi. Waliovuka kuja Tanzania wengi walirudishwa kwa njia ya Negomano, na UNHCR ilipinga hadharani. Negomano ni Ngomano ileile ya 1917. Daraja la Umoja lililofunguliwa Mei 2010 liko hapo, mita 720, mbali sana na mlango wa mto. Pwani bado tuna pantoni ya Kilambo na mitumbwi.

Vita hiyo iliibadilisha maana ya kiasi kidogo. Ilipoanza kusemwa kwamba wapiganaji wanasogeza fedha kwa simu, vipande vidogo vidogo, kila muamala wa shangazi ulianza kufanana na muamala wa mtuhumiwa. Oktoba 21, 2022 FATF, chombo cha kimataifa kinachofuatilia utakatishaji na ufadhili wa ugaidi, kiliziingiza Tanzania na Msumbiji katika orodha ya kijivu siku moja. Tanzania ilitolewa Juni 2025, Msumbiji Oktoba mwaka huohuo. Magazetini ilikuwa habari ya benki na wawekezaji. Sikuona aliyeandika kuhusu Kilambo.

Mimi naona kosa liko katika kudhani kwamba hatari inapungua kwa kumbana mtu wa kati. Yuko pale kwa kuwa kuna pengo. Ukimkamata leo, kesho anakuja mwingine asiye na jina lolote la kulinda, na huyo ndiye wa kuogopa. Njia rasmi ya shilingi kwa metikali, ya bei ndogo, inayomkubali mtu mwenye barua ya mtendaji wa kijiji, ingefanya kazi kubwa kuliko doria. Huenda nimekosea. Wanaolinda mpaka wana taarifa ambazo mimi sina.

Mara ya mwisho nilipopita Kilambo msimu wa korosho ulikuwa umeanza, na watu wa kangomba walikuwa wanazunguka na hela za haraka. Kijana mwenye simu mbili alikuwa amekaa chini ya mwembe. Nilimuomba anionyeshe daftari lake, akasita, akanifungulia ukurasa mmoja tu. Safu ya kushoto metikali, ya kulia shilingi, katikati majina. Hakuna hata moja la kweli: Mama Pweza, Mrefu, Mjomba wa Quionga, Yule wa Jumanne. Nikamuuliza, ukifa leo, nani atajua Yule wa Jumanne anadai ngapi? Akalifunga daftari. "Yeye mwenyewe anajua, kaka."