Nyomi siyo kura: hesabu iliyopigwa Tabora mwaka 1958

Msimu wa uchaguzi ukifika, kila kijiwe kina mtabiri wake, iwe Gongoni pale Tabora mjini au Kariakoo. Wengi wanapima kwa nyomi: mkutano wa nani umejaa? Lakini utabiri mmoja mkubwa wa siasa za nchi hii ulifanyika Tabora hiyo hiyo, na haukutegemea nyomi.

Ilikuwaje?

Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu wa mwaka Tabora. Swali zito lilikuwa moja: chama kiingie kwenye uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, au kisusie?

Masharti yalikuwa magumu. Ili kupiga kura ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au cheo kinachotambuliwa. Wakulima na vibarua waliojaza mikutano ya TANU wengi wao hawakufikia. Tena kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Ndiyo maana uchaguzi huo ukaitwa Kura Tatu.

Kila upande ulisema nini?

Zuberi Mtemvu na wenzake walipinga: kushiriki ni kukubali ubaguzi. Julius Nyerere akajibu kwamba kususia ni kuiachia viti UTP, chama kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za Gavana Twining. TANU ingebaki nje ikipiga kelele tu.

Kanuni yenyewe ilikuwa na mlango. Hata baada ya mchujo ule, Waafrika ndio walikuwa wengi kati ya waliojiandikisha. Kwa kuwa kila mmoja alichagua watatu, kura zao ziliamua pia Mzungu na Mwasia gani apite.

Hoja ya Nyerere ilishinda, na azimio hilo likajulikana kama Uamuzi wa Busara. Mtemvu alijitoa, akaanzisha African National Congress.

Matokeo

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Kulikuwa na majimbo 10 yenye viti 30. Wagombea wa TANU na wale iliowaunga mkono walizoa karibu vyote, UTP ikasambaratika. Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Mtemvu alipopambana na Nyerere kwenye urais mwaka 1962, alipata chini ya asilimia 2.

Vipi kura za maoni?

Septemba 2015 Twaweza ilitoa utafiti uliofanywa kwa simu, Tanzania Bara tu. Magufuli alipewa asilimia 65, Lowassa 25. Matokeo rasmi: Magufuli 58.46, Lowassa 39.97. Mshindi alitajwa sawasawa, ila pengo lilikosewa sana. Na walioangalia “mafuriko” ya watu kwenye mikutano ya Lowassa wakaona ushindi, nao walikosea.

Kabla hujaamini utabiri, jiulize:

1. Nani ameandikishwa, na nani atajitokeza siku yenyewe?
2. Kanuni inazigeuzaje kura kuwa viti?
3. Walioulizwa ni akina nani, na wapi?

Hata dukani ni hivyo hivyo. Wanaoulizia bei ni wengi, ila mauzo yanahesabiwa kwa waliolipa.