Henan Airlines: shirika la ndege la China lililopokonywa jina baada ya ajali ya Yichun

Msikilizaji, mashirika mengi ya ndege hufa kwa madeni. Hili la mkoa wa Henan, katikati ya China, lilisimama kwa sababu ya usiku mmoja wa ukungu.

Lilianza likiitwa Kunpeng Airlines. Jina hilo linatoka kwenye hadithi ya kale ya Kichina ya samaki mkubwa kupita kiasi anayegeuka kuwa ndege. Wenye hisa wakubwa walikuwa Shenzhen Airlines, shirika la kusini mwa China, na Mesa Air Group ya Marekani. Safari zilianza mwaka 2007 kwa ndege ndogo za abiria 50 hivi. Mwaka 2009, baada ya makubaliano na serikali ya mkoa wa Henan, likabadilishwa jina na kuwa Henan Airlines, makao yakiwa jijini Zhengzhou.

Shirika la namna hii halishindani na wakubwa kwenye njia za Beijing na Shanghai. Kazi yake ni kuunganisha miji midogo na miji mikubwa, kwa ndege ambazo zinaweza kujaa hata abiria wakiwa wachache. Henan Airlines ilikuwa na Embraer 190 zinazotengenezwa Brazil, zenye viti karibu 100. Ni aina ile ile ambayo Kenya Airways nayo inaitumia, kwa hiyo huenda imeshawahi kupita juu ya shamba lako.

Miji midogo ina viwanja vidogo, na hapa ndipo penye shida. Yichun ni mji wa misitu katika mkoa wa Heilongjiang, kaskazini-mashariki kabisa mwa China. Uwanja wake, Lindu, ulifunguliwa Agosti 2009 katikati ya miti na vilima. Mwezi huo huo China Southern, shirika kubwa zaidi, liliamua kutopeleka ndege zake pale usiku. Henan Airlines ilipochukua njia ya Harbin hadi Yichun mwaka uliofuata, iliruka usiku.

Jumanne, tarehe 24 Agosti 2010, saa 2:51 usiku, ndege iliondoka Harbin ikiwa na watu 96. Rubani mkuu hakuwa amewahi kutua Yichun. Ukungu ulikuwa umeshuka uwanjani, na mwonekano ulikuwa mita 2,800. Kanuni za shirika zilitaka rubani awe na mita 3,600 ndipo atue pale.

Naomba tukae kidogo kwenye jambo hili, maana ndilo kiini cha kesi nzima. Rubani anaposhuka ana kimo ambacho hatakiwi kukivuka kabla hajaiona njia ya kutulia kwa macho yake. Asipoiona, anapandisha ndege juu, anazunguka na kujaribu tena, au anarudi alikotoka. Hakuna aibu katika hilo. Marubani wa Yichun hawakuwa wameiona njia, lakini waliendelea kushuka. Mtambo wa ndani ya ndege ulitamka kimo kilichobaki kikizidi kupungua, na bado hawakupanda. Ndege ilikata miti, ikapiga ardhi mita 690 kabla ya njia, kisha ikawaka moto. Watu 44 walikufa na 52 walinusurika.

Hadi usiku ule, China ilikuwa imekaa karibu miaka 6 bila ajali ya ndege ya abiria yenye vifo.

Safari za Henan Airlines zilisimamishwa, na familia zikaahidiwa fidia ya yuan 960,000 kwa kila aliyekufa. Halafu mamlaka za mkoa zikatangaza kwamba shirika haliruhusiwi tena kutumia jina la Henan. Mkoa ulikuwa umelitoa jina hilo mwaka mmoja tu nyuma! Kwa maoni yangu, kufuta jina ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Lenye uzito ni lile lililojulikana baadaye: ukaguzi wa mamlaka ya usafiri wa anga ya China mwaka 2008 ulikuwa umebaini marubani wapatao 200 waliodanganya kuhusu uzoefu wao, na zaidi ya nusu yao walifanya kazi Shenzhen Airlines, kampuni mama.

Ripoti rasmi ilitoka mwaka 2012 na kumtaja rubani mkuu kuwa mwenye kosa. Pia ilisema kwamba baada ya ndege kuanguka alitoka bila kuongoza uokoaji wa abiria. Desemba 2014 mahakama ya Yichun ilimhukumu kifungo cha miaka 3. Alikuwa rubani wa kwanza wa ndege ya abiria nchini China kushtakiwa na kuhukumiwa kwa kosa la kusababisha ajali.