Ngazi za Bethnal Green

Ndege za Wajerumani zilipoanza kuupiga mji wa London kila usiku, Septemba 1940, Serikali haikupenda raia walale katika stesheni za reli zipitazo chini ya ardhi; ilihofu kwamba wakiisha kuingia hawatatoka. Watu hawakubishana nayo. Walikata tikiti, wakashuka na mablanketi yao, wakakataa kuondoka. Nami naona walikuwa na haki. Serikali ikakubali.

Stesheni ya Bethnal Green, mashariki ya mji, vita viliikuta haijakwisha kujengwa, ikatiwa vitanda. Walakini mlango wake ulikuwa mmoja tu, na ngazi zake 19 hazikuwa na kishikio katikati, wala mwanga ila taa moja hafifu, kwa kuwa ilikatazwa kuonyesha nuru usiku. Mwaka 1941 baraza la mtaa liliomba mlango utengenezwe upya, likakataliwa.

Jioni ya tarehe 3 Machi 1943 king'ora kililia, watu wakaja kama desturi yao. Mara roketi mpya za kutungulia ndege, ambazo sauti yake hawakuizoea, zikanguruma karibu. Walio nyuma wakasukuma. Karibu na mwisho wa ngazi mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto akaanguka, na kufumba na kufumbua watu kama 300 walikuwa wamelaliana. Wakafa 173, na 62 katika hao walikuwa watoto. Bomu hata moja halikuanguka mtaani usiku ule.

Vishikio vikatiwa baadaye. Taarifa ya uchunguzi ilifichwa hadi 1945.