Kutoka Simu ya Upepo Hadi Pango la Anwani

Neno "simu" lina asili ya Kiajemi, ambako "sim" ni uzi wa madini, yaani waya. Jambo hili si la ajabu, kwa kuwa mwaka 1879, kampuni ya Kiingereza ilipofikisha Unguja njia yake ya chini ya bahari kutoka Aden na kuiendeleza hadi Msumbiji na Durban, kitu kilichoonekana kwa macho kilikuwa ni waya. Taabu ilianza pale waya ulipoondoka. Habari zilipoanza kupelekwa kwa mawimbi matupu, wasemaji wa Kiswahili hawakulitupa neno lao la zamani, bali waliliongezea tu wakasema "simu ya upepo". Kwa asili yake jina hilo ni "waya wa upepo", kitu ambacho hakipo. Hata hivyo lilieleweka, nayo kamusi sanifu iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939 ikalipokea. Mnara wa simu hiyo uliokuwa Dar es Salaam enzi ya Wadachi ulikuwa miongoni mwa shabaha za kwanza za vita katika nchi hii, kwani manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea iliufuata tarehe 8 Agosti 1914.

Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, neno "redio" lilikwisha kuanza kuisukuma kando simu ya upepo. Lakini redio ilikuja na msamiati wake, na msamiati huo ndio tunaotaka wasomaji wetu waukumbuke. Mawimbi, masafa ya kati na masafa mafupi, mita, kituo: maneno haya yalisemwa kila siku na watangazaji, na msikilizaji wa kijijini aliyazoea bila ya kufunzwa darasani. Aidha alijua kutofautisha maradhi ya chombo chake. Sauti ikididimia na kurudi, mawimbi yanafifia. Vituo viwili vikisikika pamoja, mawimbi yanaingiliana. Chombo kikinyamaza kabisa, betri zimekwisha, na dawa yake ni kuzianika juani kwa matumaini. Kila ugonjwa ulikuwa na jina lake, na kila jina lilielekeza mkono mahali pa kugusa.

Utajiri huo haukurithiwa na kizazi cha intaneti. Badala yake limekuja neno moja kubwa, "mtandao". Neno lenyewe ni zuri na ni letu. Limo katika ukoo wa "tanda", pamoja na kitanda kinachotandwa kwa kamba na utando wa buibui. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, halikuhitaji kuwasukuma watu kulikubali, nalo halikupata upinzani uliozikuta "tarakilishi" na "ngamizi" mbele ya "kompyuta". Kosa si la neno. Kosa ni kwamba limebebeshwa kila mzigo. Kampuni ya simu ni mtandao, minara yake ni mtandao, intaneti ni mtandao, mawimbi yanayotoka kwenye kisanduku cha ukutani ni mtandao, na hata kundi la wanasiasa la mwaka 2005 liliitwa mtandao. Mtu akisema "mtandao unasumbua", amesema nini?

Swali hilo lilitukabili sisi wenyewe Bulyaga, katika mji wa Tukuyu, ambao Wadachi waliuita Neu Langenburg. Tulikuwa tukikusanya maneno ya mafundi wa simu, na tulipokuwa tukinywa chai tulikaa katika mgahawa mmoja wenye huduma ya waifai kwa wateja. Mlangoni palibandikwa karatasi iliyoandikwa "WIFI BURE". Mzee mmoja aliyeketi nasi alicheka akauliza ni wifi wa nani anayetolewa bure. Mzee alikuwa na haki. Katika lugha yetu wifi ni dada wa mume au mke wa kaka, ilhali jina la kigeni, Wi-Fi, lilibuniwa mwaka 1999 na wataalamu wa majina ya biashara, miaka miwili baada ya kanuni zake za kwanza za kiufundi kutolewa, wala si ufupisho wa maneno yoyote. Kwa kuwa watu wote hulitamka "waifai", hatuoni sababu ya kutoliandika hivyo.

Mwenye mgahawa alikuwa na malalamiko. "Walimu wangu," alisema, "mvua ikinyesha tu, mtandao unakufa." Anayeijua Tukuyu ataelewa uzito wa maneno hayo, maana mvua ya huko hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Alikuwa amekwisha kupiga simu mara tatu kwa kampuni inayomuuzia intaneti, na kila mara alisema "mtandao unasumbua". Kila mara alijibiwa kwamba aongeze kifurushi. Akaongeza, mara mbili, na fedha hizo zilitoka katika faida ya maandazi.

Tulirudi siku ya pili mchana, mawingu yalipotanda. Kompyuta ya kaunta, iliyofungwa kwa waya kwenye ruta, ilifanya kazi bila tatizo hata mvua ilipopiga mabati kwa nguvu. Basi intaneti ilikuwa inafika. Kilichokufa ni waifai, au sehemu yake. Je, mvua ndiyo iliyoiua? Mawimbi ya waifai ya kawaida hutikisika mara milioni 2,400 hivi kwa sekunde, na urefu wa kila wimbi ni sentimita 12 na nusu. Matone ya mvua hayayadhuru kwa umbali wa chumba kimoja. Mwili wa binadamu, uliojaa maji, huyapunguza zaidi. Na kumbe mvua hiyo ilikuwa imejaza chumba: wapita njia walikimbilia ndani, wakaagiza chai, wakatoa simu. Mama yule aliona sawasawa kwamba mambo haya mawili hufuatana, ila sababu haikuwa ile aliyoidhania.

Jambo jingine lilikuwa la ajabu zaidi. Waliokuwamo tangu kabla ya mvua waliendelea kusoma habari zao, japo polepole; waliofika baadaye walionyeshwa alama ya waifai, kisha simu zao zikazunguka bila kuingia. Tulipofungua mipangilio ya ruta tukaona chanzo. Ruta hukipa kila chombo anwani yake, na hiyo ilikuwa na anwani 30 tu za kugawa, kila moja ikitolewa kwa muda wa saa 24. Mteja wa uji wa alfajiri alikuwa amekwisha kwenda shambani, ilhali anwani yake ilikuwa bado imehesabiwa kuwa yake hadi kesho. Ilipofika saa nane mchana hazikubaki.

Tuliupunguza muda ukawa saa moja, tukaongeza anwani hadi 200, na kuitoa ruta nyuma ya jokofu, ambalo ni ukuta wa chuma, tukaiweka juu katikati ya chumba. Duka la jirani lilitumia chaneli ile ile ya 6, tukahamia ya 11 ili mawimbi yasiingiliane. Mvua ya kesho yake wateja waliingia wote. Kukatika kwa umeme hatukuweza kukutibu.

Wakati wa kumweleza mama yule muda wa anwani ndipo sisi tulipofunzwa. Tulikuwa na pendekezo letu, "muda wa umiliki wa anwani", nalo tulilitamka kwa fahari kidogo. Alitusikiliza, kisha akasema: "Kumbe ni pango! Mpangaji kahama, na ufunguo kaondoka nao." Alikuwa na vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya mgahawa. Neno lake ni fupi, linazaa mpangaji na kupangisha bila ya kutafutiwa viambishi, na mtu aliyewahi kuishi katika nyumba ya kupanga halihitaji kufafanuliwa.

Mwenzetu mmoja alipinga, akisema pango ni shimo la mwambani pia na msomaji atachanganyikiwa. Tulibishana naye njia nzima ya kwenda Mbeya. Kadi imekwisha kuandikwa "pango la anwani", na pendekezo letu limefutwa kwa kalamu. Kadi ya "mtandao" bado haijajazwa. Tumegawa maana zake katika mistari minne, na mstari wa tatu, ule wa mawimbi ya kisanduku cha ukutani, tumeuandikia "waifai" kwa penseli.